Ushahidi wa Mkristo Mbele ya Jirani: Mwongozo kwa Waumini wa Bonde la Kilombero

Mkristo anayetamani jirani yake aisadiki imani yake hana budi kutambua, kabla ya kufungua kinywa, kwamba jirani huyo amekwisha kumpima siku nyingi, tena hakumpima kanisani, ambako pengine hajakanyaga tangu kuzaliwa kwake, bali sokoni, shambani, mtoni, msibani na mlangoni pa nyumba yake, mahali ambapo tabia ya mtu hudhihirika bila ya yeye kutaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waumini wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, kutoka Kidatu hata Mlimba, na ng'ambo ya mto huko Lupiro, Malinyi na Mahenge. Nao una shauri moja kubwa ambalo mengine yote yanalifuata. Imani yako itasadikiwa kwa kadiri ile ile ambayo mwenzio aliwahi kukuachia mali yake, au ugonjwa wake, au heshima yake mikononi mwako, kisha akairudia amana hiyo na kuikuta salama.

Bonde letu si la kabila moja wala dini moja. Wandamba, walio wavuvi na wakulima wa mpunga tangu jadi, wanaishi pamoja na Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kidatu yaliwaleta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikawashusha wengine Ifakara, Mngeta na Mlimba. Na baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Tangu lilipofunguliwa daraja la Magufuli mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, hata mto ambao zamani ulimlazimisha msafiri kungoja kivuko kwa saa nyingi haumzuii tena mgeni. Penye mchanganyiko kama huu, ambapo Mwislamu na Mkristo huchota maji katika kisima kimoja na huzikana bila ya kuulizana madhehebu, maneno ya mahubiri hayana uhaba, kwa kuwa kila mtu ana ya kwake, na vipaza sauti vya mikutano ya jioni vinatosha kuyasambaza. Kilicho adimu ni mtu ambaye neno lake halihitaji kiapo.

Yafaa pia kukumbuka jinsi imani hii ilivyoingia hapa. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, katika zama za utawala wa Kijerumani. Miaka mitatu baadaye Vita vya Maji Maji vikazuka, Askofu Cassian Spiss akauawa njiani pamoja na wenzake mwezi Agosti 1905, na vita vilipokwisha kuzimwa mwaka 1907, kwa kuteketezwa mashamba na kwa njaa iliyowamaliza watu wengi kuliko risasi, haikuwa kazi nyepesi kwa mwenyeji kuutenganisha msalaba na bendera ya yule aliyemchomea ghala lake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, Wakapuchini wa Uswisi walishika kazi hiyo kuanzia mwaka 1921, nao walirithi, fauka ya makanisa na shule, dhana hiyo nzito iliyokuwa mioyoni mwa watu.

Ni nini kilichoigeuza dhana hiyo? Kwa rai yangu, kilichoigeuza zaidi ya mahubiri yote ni vitanda vya wagonjwa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ambako Dokta Karl Schöpf alifanya kazi ya utabibu akisaidiana na Masista wa Baldegg, ilimpokea Mwislamu, Mkristo na mshika matambiko kwa mlango mmoja. Na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, alipofika bondeni mwaka 1949 na kukaribishwa na wamisionari hao, aliona kazi iliyomfanya arudi, hata mwaka 1957 akaanzisha maabara ambayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kadhalika kituo cha Nazareti, kilichowatunza wenye ukoma, kilisema jambo ambalo hapana mhubiri aliyeweza kulisema vizuri zaidi, kwani mwenye ukoma alikuwa mtu ambaye hata ndugu zake walimtengea bakuli, na hapo akaona mikono ya watu baki ikimfunga vidonda.

Walakini historia hiyo hiyo ina onyo ndani yake. Wako waliobatizwa kwa sababu shule ilikuwa ya misheni na dawa ilikuwa ya misheni, na shule na dawa zilipopatikana kwingine, imani yao ikapoa. Basi, msomaji, ukitoa msaada, utoe bila ya kamba ya kumvutia mtu. Usimpe yatima daftari kwa sharti la kuimba kwaya, wala usimpelekee mgonjwa uji ili apate kutubu. Msaada wenye masharti ni biashara, nasi katika bonde hili tuna biashara ya kutosha.

Na kwa kuwa nimeitaja biashara, hapo ndipo pa kuanzia kazi. Kuanzia mwezi Mei hata Julai, mpunga unapovunwa, kupigwa na kupepetwa, wanunuzi huingia mashambani wakiwa na madebe yao wenyewe. Na anayetaka kujua hali ya imani yetu aende asimame kando ya turubai aangalie. Debe limegongwa kwa ndani kwa nyundo hata ubavu wake umevimba. Mpunga humiminwa, debe likatikiswa, ukashindiliwa kwa kiganja, ukaongezwa tena hata ukafanya kilima juu ya mdomo, na zile punje zinazoporomoka kando huhesabiwa kuwa za mnunuzi. Mwenye mpunga, ambaye aghalabu ni mwanamke aliyekesha katika dungu akifukuza ndege miezi miwili, anatazama na kunyamaza, kwa maana gharama za shule zinamngoja na hana mnunuzi mwingine. Kisha gunia hushonewa kipande cha gunia jingine kichwani likawa lumbesa, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza na ambalo watu wote wanalijua, na siku ya Jumapili mwenye debe lile na mwenye mpunga ule hukaa benchi moja na kupeana mkono wa amani.

Nasema kwa yakini kwamba hapana mahubiri yatakayoweza kulishinda debe lile katika moyo wa mwanamke huyo, seuze katika moyo wa jirani yake asiye Mkristo aliyesimama kando akitazama. Kwa hiyo, kama wewe ni mnunuzi, liache debe la kuvimba nyumbani na ununue kwa mizani, au walau kwa debe moja lile lile utakalolitumia siku ya kuuza. Punje zinazoanguka juu ya turubai zirudishe kwa mwenyewe. Mwambie bei ya mjini kama ilivyo, hata kama hakuuliza, maadamu unajua kwamba hana njia ya kuijua. Watakaokucheka ni wanunuzi wenzio, na watakuambia kwamba faida yako itakuwa ndogo, nao watasema kweli, itakuwa ndogo. Lakini jaribu msimu mmoja na wa pili, uone ni nani ambaye wanawake wa Namawala au Minepa watamngojea na mpunga wao.

Kama wewe ni mkulima, usijidhani umesalimika, kwa kuwa nawe una njia zako: kuujaza mpunga mbichi ili gunia lizidi uzito, kuacha pumba katikati ya gunia na kuweka safi juu, au kuchanganya mpunga wa aina ya saro na ule wa supa na kuuuza wote kwa jina la supa, kwa sababu mchele wa Kilombero una sifa Dar es Salaam na mlaji wa huko hana ujuzi wa kutofautisha mpaka wali uwe mezani. Na mwenye mashine ya kukoboa, ambaye huachiwa magunia ya watu usiku na mchana, ndiye mwenye amana kubwa kuliko wote: pumba na chenga ni za mwenye mpunga mpaka wawe wamekubaliana vinginevyo, na mapatano yasemwe kabla ya mashine kuwashwa.

Pana jambo lililo karibu na hilo, nalo ni mkopo wa wakati wa njaa. Kati ya Januari na Machi, ghala zinapokuwa tupu na palizi haijaisha, mtu mwenye fedha huweza kununua mpunga ungali majani, kwa bei ambayo mwenye shamba asingeikubali kamwe kama watoto wake wangekuwa wamekula. Mimi siwaambii wenye fedha wasikopeshe. Asiyekopesha kabisa hamsaidii mtu. Nawaambia wakopeshe kwa bei ya mavuno, au wadai fedha ileile na ziada ndogo ya haki iliyotajwa mbele ya shahidi, na mafuriko yakilichukua shamba, kama mto wetu ufanyavyo miaka mingine, wagawane hasara na mkopaji badala ya kumnyang'anya baiskeli. Na kibarua alipwe jioni ya siku aliyomaliza kipande chake. Barua ya Yakobo imelisema hili kwa ukali ambao sina haja ya kuuongeza.

Sasa nalifikia jambo ambalo kwangu ni zito kupita yote, na nalisema kwa uchungu, kwa kuwa limewafedhehesha waumini wa bonde hili mara nyingi. Mtoto anashikwa na degedege usiku, anakakamaa, macho yanapinduka, na kabla ya kupambazuka amefariki. Katika huzuni ile isiyo na kipimo mtu mmoja analitaja jina la bibi fulani, mjane, anayeishi peke yake na macho yake ni mekundu. Ukoo unakutana, fedha zinachangwa za kwenda kwa mganga, na kwa desturi inayojulikana Ulanga na Kilombero, mtuhumiwa huchukuliwa akanyolewe nywele ili uchawi wake uishe, na akirudi anarudi na kichwa kitupu na jina lisilofutika. Miongoni mwa waliochanga nauli yumo mwanajumuiya aliyeongoza sala asubuhi ya siku ile ile.

Ushahidi wako wa Kikristo utapimwa hapo zaidi ya popote pengine, kwa sababu hapo heshima ya mtu dhaifu, na pengine uhai wake, vimewekwa mikononi mwako. Fanya hivi. Kwanza, usiwadharau wafiwa wala kuwakejeli kwa elimu yako. Huzuni yao ni ya kweli na hofu yao ni ya kweli, nawe ukianza kwa dhihaka hapana atakayekusikiliza. Pili, simama katika kikao, kwa adabu, useme kwamba hutachanga, na utaje sababu: kwamba degedege mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao watafiti wa hapa hapa Ifakara wameuchunguza miaka mingi, hata kuanzia mwaka 1996 wakaeneza katika vijiji vyetu vyandarua vyenye dawa vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, kwamba macho mekundu ni ya mwanamke aliyepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu utotoni, na kwamba sheria ya nchi, tangu mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi. Tatu, na hili ndilo lenye nguvu kuliko maneno, nenda mchana kweupe nyumbani kwa bibi yule, ukamwamkie, ukae katika kigoda chake, unywe maji yake na kula chakula chake, watu wakiona. Kama pana hatari, mlaze kwako, na umwarifu mtendaji wa kijiji bila ya kungoja kesho.

Utaambiwa kwamba nawe ni mchawi mwenzake. Huenda watu wakapunguza kuja dukani kwako kwa muda. Lakini tangu siku hiyo kila mjane wa kijiji, awe Mkristo au Mwislamu, atajua kwamba yuko mtu mmoja ambaye Mungu wake huwalinda wanyonge, na hapana mkutano wa injili wenye vipaza sauti unaoweza kumfundisha jambo hilo kwa wiki nzima.

Kuhusu jirani wa dini nyingine, mwalimu wetu yupo karibu, kwa kuwa hospitali yetu inaitwa kwa jina lake na Wakapuchini ni wana wake. Mwaka 1219, Vita vya Msalaba vikiendelea, Fransisko wa Assisi alivuka mpaka wa majeshi karibu na Damietta huko Misri, bila ya silaha, akaenda kuonana na Sultani al-Kamil, akapokewa kwa heshima na kurudi salama. Miaka miwili baadaye, katika kanuni ya mwaka 1221, aliwaandikia ndugu zake waendao kukaa kati ya Waislamu kwamba ziko njia mbili: ya kwanza ni kuepuka mabishano na ugomvi, kuwa watumishi wa kila mtu kwa ajili ya Mungu, na kukiri tu kwamba wao ni Wakristo, ya pili, wanapoona kwamba yampendeza Mungu, ni kulitangaza neno. Angalia mpango wake ulivyo, jinsi alivyoitanguliza ile ya kimya, na jinsi ambavyo hata hiyo ya kimya haimruhusu mtu kuificha dini yake. Kwa hiyo hudhuria maziko ya jirani yako Mwislamu, ukasaidie kuchimba. Mwezi wa Ramadhani usipige muziki wakati wa futari. Akikualika Idi, nenda, na umwalike Krismasi, nyama ikiwa imechinjwa na mtu ambaye yeye atakubali kula alichochinja. Mijadala ya hadharani ya kulinganisha vitabu, ambayo imewahi kuwavuta vijana wetu wengi, sijaona ikizaa kitu ila hasira, nami nakushauri uiache.

Vivyo hivyo katika ugomvi wa mashamba na malisho. Mkulima akigombana na mfugaji na baraza la kata likakuita kutoa ushahidi, sema ulichokiona, hata kama kitamwumiza mtu wa kabila lako na kumfaa Msukuma uliyemjua mwaka jana tu.

Nyumbani sina mengi ya kusema, maana kila mtu anajua. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoazimia mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji, sala imehamia katika nyua zetu, na pamoja na sala wamehamia mashahidi: wanajumuiya huona ukutani picha ya Familia Takatifu, na jirani wa ukuta wa pili husikia usiku yanayosemwa chini ya picha ile. Mwanamume ampigaye mkewe asiombe kuwa mwenyekiti.

Na kama umekwisha kuharibu? Wengi huuliza hivyo na kukata tamaa, na wengine huchagua njia mbaya zaidi, yaani kuongeza bidii ya kanisani ili kufunika deni la sokoni. Zakayo hakufanya hivyo. Alisimama mbele ya watu waliomjua kwa dhuluma, akatangaza kurudisha mara nne. Nawe mwendee uliyempunja, mbele ya mtu mmoja au wawili wanaoijua habari, utaje kiasi, na ukilipe. Kama huna chote, lipa nusu na utaje siku ya kumaliza. Usiseme kwamba ni shetani aliyekupitia. Sema ulimpunja. Maungamo kwa padri ni wajibu wako mbele ya Mungu, lakini hayamrudishii mjane gunia lake, na mjane analijua hilo.

Yamebaki maneno. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1975 kwamba watu wa zama hizi huwasikiliza mashahidi kuliko walimu, na wakiwasikiliza walimu ni kwa kuwa wao pia ni mashahidi. Lakini katika waraka huo huo alisisitiza kwamba ushahidi wa maisha peke yake hautoshi, kwa maana siku moja ni lazima jina la Kristo litajwe. Basi usiwe bubu kwa kisingizio cha matendo. Siku moja mwanamke uliyempimia sawasawa, au mwana wa yule bibi, au jirani uliyeshiriki naye kaburi, atakuuliza kwa nini unafanya hivyo ilhali hupati faida. Usimtolee hotuba, wala usianze kumhesabia makosa ya dini yake. Mwambie kwa ufupi kwamba unafanya kwa ajili ya Yesu Kristo, ambaye alikutendea wewe mema kabla hujastahili, kisha mwache arudi kwenye kazi yake na moyo wake. Akirudi kuuliza mara ya pili, mkaribishe katika sala ya jumuiya, au mpeleke kwa mwalimu wa dini wa kigango chenu, na uende naye wewe mwenyewe mpaka mlangoni.